Kufuata Dawa ya Kumbukumbu: Shajara ya Safari ya Mimea na Uyoga

Jumatatu, hifadhi ya mimea mikavu

Nimeanzia kwenye sumu, tena kwa makusudi.

Kikundi cha walezi wa wazee ninachokiandikia kimeniomba mwongozo kuhusu mimea na uyoga unaosifiwa kwamba hulinda ubongo. Wanataka kujua upi una ushahidi, upi hauna, na upi unaweza kumdhuru mzee ambaye tayari anameza dawa nyingine. Ningeweza kukaa na kompyuta nikaimaliza kazi. Nimeona ni heri nizunguke mwenyewe, niuone mmea, nikutane na anayeuchunguza, kisha nimfikie daktari anayepokea wazee. Walezi hawa wanatoa fedha zao na matumaini yao, hivyo wanastahili kuandikiwa na mtu aliyekwenda kuona.

Msimamizi wa hifadhi alinifungulia bahasha ya karatasi yenye mbegu za Physostigma venenosum, maharage ya Calabar. Mbegu ni nene, kahawia iliyokoza, yenye umbo la figo, urefu wake kama sentimita 3. Upande wake uliobinuka una mfereji mweusi unaokwenda karibu kutoka ncha hadi ncha. Nilipoipitisha kidole ilikuwa laini kabisa, isipokuwa ndani ya ule mfereji.

Kwa Waefik wa Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, mbegu hii ilikuwa ya kuapiza. Mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa. Akifa alikuwa na hatia, akitapika na kupona aliachiwa. Mwaka 1855 Robert Christison, daktari wa Edinburgh, alitafuna kipande ili ajue inavyofanya kazi. Alipoona nguvu zinamwishia akanywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike, akapona. Mwaka 1864 Wajerumani Jobst na Hesse waliitenga sumu yenyewe, fizostigmini. Mwaka huohuo huko Prague, Kleinwächter alitumia dondoo ya mbegu hizi kuwatibu wafungwa waliodhurika kwa atropini, sumu ya mmea mwingine. Mwaka 1935 Percy Julian, mkemia Mmarekani mweusi, pamoja na mwenzake Josef Pikl, waliiunda fizostigmini maabara hatua kwa hatua.

Inafanyaje kazi? Seli nyingi za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya huivunja asetilikolini ili njia iwe wazi kwa ujumbe unaofuata. Fizostigmini hukishika kile kimeng'enya. Ukizidisha kipimo, asetilikolini inafurika, misuli ya kupumulia inalegea na mtu anakufa. Kwa kipimo kidogo sana, ujumbe hudumu kidogo zaidi. Mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu taratibu, hupoteza mapema seli zinazotengeneza asetilikolini, kwa hiyo kile kidogo kilichobaki kina thamani kubwa. Rivastigmini, dawa iliyobuniwa kwa kufuata muundo wa fizostigmini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 na bado inatumika, hata kwa kiraka cha kubandika kwenye ngozi.

Hakuna mgonjwa wa Alzheimer aliyepewa maharage. Alipewa molekuli iliyotokana na wazo la maharage, ikarekebishwa, ikapimwa kwa miligramu, na dozi ikapandishwa taratibu kwa wiki kadhaa huku akiangaliwa. Umbali huo kati ya mbegu na kidonge ndio nitakaoupimia kila nitakachokiona wiki hii.

Jumanne, bustani ya mimea

Mti wa Ginkgo biloba wa bustani hii ni wa kike, na majira haya ya majani kupukutika harufu yake hukufikia kabla hujauona. Mbegu zimedondoka chini, nyama yake ya manjano imepasuka, na uvundo ni uleule wa siagi iliyochacha, kwa sababu asidi butiriki ndiyo inayonuka kote kuwili. Mtunza bustani alinipa glavu kabla sijainama. "Usishike kwa mkono mtupu, mgeni wangu. Itakuwasha mpaka kesho."

Niliokota jani. Halina mshipa wa katikati. Mishipa yote inaanzia kwenye kikonyo, kila mmoja unagawanyika viwili, kisha viwili tena, mpaka ukingoni. Ukoo wa mti huu ulikuwepo zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na umebakiwa na spishi hii moja tu. Huko Hiroshima, miti kadhaa ya aina hii iliyokuwa karibu na mahali bomu la mwaka 1945 lilipolipuka ilichipua tena. Sishangai watu kuuhusisha na maisha marefu. Ila mti kuishi sana hakuthibitishi kwamba jani lake litamfanya mtu aishi sana.

Na kwa bahati nzuri hapa hatuhitaji kukisia. Dondoo ya jani la ginkgo imepimwa kuliko karibu mmea wowote mwingine wa ubongo. Nchini Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa miligramu 120 za dondoo mara mbili kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepata kipi. Walifuatiliwa kwa muda wa kati wa miaka 6.1. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: ginkgo haikupunguza demensia, yaani kufifia kwa kumbukumbu na akili. Ufaransa walirudia jambo lilelile kwa watu 2,854 wenye miaka 70 na zaidi, kwa miaka mitano, wakatangaza mwaka 2012. Jibu likawa lilelile.

Nimekaa kwenye benchi chini ya mti huo nikiwawazia watu hao karibu elfu sita waliomeza vidonge kila siku kwa miaka ili sisi tupate jibu. Wengi wao hawapo tena. Walituachia kitu cha maana mno, na inaniuma kuona makopo bado yanauzwa kana kwamba hawakuwahi kujitolea. Isitoshe, ginkgo ina madhara yake. Madaktari huiogopa kwa mzee anayetumia wafarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, na humtaka mtu aiache kabla ya upasuaji. Mbegu zake zina sumu inayoweza kuleta degedege zikiliwa nyingi.

Hatua chache kutoka hapo nilioneshwa kitalu cha Galanthus. Kilikuwa udongo mtupu, maana ua hili dogo jeupe hutokeza mwisho wa majira ya baridi. Kutoka kwenye jamii hii ilipatikana galantamini. Mwaka 1951 Warusi Mashkovsky na Kruglikova-Lvova walionesha kwamba inazuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na maharage ya Calabar. Mbulgaria Dimitar Paskov akaifanya dawa ya magonjwa ya neva na misuli katika miaka ya 1950, na mwaka 2001 Marekani ikaiidhinisha kwa Alzheimer ya kiwango cha chini na cha kati. Ni dawa halisi, iliyotoka kwenye mmea halisi. Inasaidia kumbukumbu kwa kiasi na kwa muda. Haizuii seli kufa, na hilo mlezi aambiwe mapema, kabla hajaanza kujilaumu kwamba labda hakuitoa vizuri.

Kwenye bwawa la nyumba ya vioo kuna Bacopa monnieri, mmea mfupi wa majimaji wenye majani manene, ambao tiba ya jadi ya India imeutumia kwa kumbukumbu kwa karne nyingi. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2008, watu 54 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wasio na demensia, walitumia miligramu 300 za dondoo kwa siku au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 12. Waliopata dondoo waliyakumbuka vizuri zaidi maneno waliyosomewa. Wengine walichafukwa tumbo. Inatia moyo, lakini ni watu 54, kwa wiki 12. Ginkgo nayo ilitia moyo kwenye majaribio madogo.

Jumatano, msituni

Mwenyeji wangu leo ni mama mtu mzima ambaye ameusomea uyoga na kuufundisha maisha yake yote. Aliniita "mwanangu" tangu tulipoonana, akaniambia nitembee nyuma yake na nisikate chochote asichoniambia nikate.

Kabla hatujafika mbali alisimama, akachutama. Mbele yake kulikuwa na uyoga mzuri wa kutazama, kofia yake kijani iliyochanganyika na manjano, vipande vyeupe chini ya kofia, pete kwenye shina. Hakuung'oa. Alichimbua udongo kuuzunguka kwa kisu mpaka chini ya shina kukaonekana kifuko cheupe kilichochanika. "Mwanangu, anayekata juu hakioni hiki," alisema. Ulikuwa Amanita phalloides. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Aliyeula hujisikia mzima kwa saa sita au zaidi, kisha hutapika na kuhara, mara nyingi akapata nafuu inayomdanganya, na wakati huo ini linakuwa linakufa. Kwenye mwongozo nimeliandika hili kwa herufi kubwa, kwa kuwa sifa za uyoga wa dawa zimewaingiza msituni watu wengi wasiojua kuchimbua chini ya shina.

Tulichokifuata tulikikuta mchana. Kwenye shina la mti mkubwa wa beech uliokufa ukiwa umesimama, juu kidogo ya kichwa changu, kulikuwa na Hericium erinaceus, uyoga wa manyoya ya simba. Hauna kofia, hauna shina la kuonekana. Ni donge jeupe, kubwa kuliko ngumi mbili, limejaa miiba laini inayoning'inia yote ikielekea chini. Niliigusa kwa ncha ya kidole. Inapinda bila kuvunjika, na ni baridi, imelowa. Mama alinipa lenzi yake. Kila mwiba ni mrefu kama sentimita 2, mnene juu na mwembamba chini, na kwenye ncha za baadhi palikuwa na tone la maji. Mbegu zake, vumbi jeupe lisiloonekana kwa macho, hutokea kwenye uso wa miiba hiyo. Upande wa chini ulikuwa umeanza kugeuka manjano, dalili kwamba unazeeka. Alikata kipande kidogo pembeni kwa ajili ya maabara, akauacha uliobaki. Porini ni adimu. Unaouzwa karibu wote umeoteshwa kwenye unga wa mbao.

"Huu unaouona ni tunda tu," alisema akigonga shina. "Uyoga wenyewe umo humu ndani." Alimaanisha nyuzi nyembamba zinazotambaa ndani ya gogo na kulilainisha mpaka linakuwa jeupe. Kwenye utafiti wa ubongo tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 1991 Hirokazu Kawagishi na wenzake huko Japani walitenga kwenye tunda kemikali walizoziita herisenoni. Mwaka 1994 wakapata kundi jingine, erinasini, na hizi zilitoka kwenye nyuzi. Makundi yote mawili, yakiwekwa kwenye seli zilizooteshwa maabara, yalizichochea zitengeneze NGF.

NGF ni protini inayokuza na kuzitunza seli za neva. Aliyeigundua ni Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano aliyezuiwa na sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi kufanya kazi chuoni. Wakati wa vita kuu ya pili aliendelea na utafiti kwenye chumba chake cha kulala, akichunguza vifaranga ndani ya mayai. Baada ya vita, huko St. Louis, aliipata NGF, na Stanley Cohen akaisafisha. Walipata tuzo ya Nobel mwaka 1986. Levi-Montalcini alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 103.

Tatizo la NGF ni kwamba molekuli yake ni kubwa mno. Ukimdunga mtu, haivuki kutoka kwenye damu kwenda ubongoni. Ndiyo maana molekuli ndogo za uyoga zilileta msisimko: huenda zikapenya, zikaushawishi ubongo utengeneze NGF yake wenyewe. Kwa panya, erinasini A imeonekana kufika ubongoni. Kwa binadamu kuna jaribio la Japani la mwaka 2009: watu 30 wa miaka 50 hadi 80 wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, ambapo waliopewa uyoga walimeza gramu 3 za vidonge vya unga wake kwa siku, kwa wiki 16. Alama zao zilipanda kuliko za wenzao. Wiki nne baada ya kuacha, zikaanza kushuka. Mwaka 2020 Taiwan ilichapisha jaribio dogo la wiki 49 kwa wagonjwa wa Alzheimer ya mwanzo, safari hii kwa nyuzi zenye erinasini A nyingi, nalo likaonesha dalili njema kwa baadhi ya vipimo.

Naupenda uyoga huu, na nimeupenda zaidi leo. Kwa hiyo najikaza kusema wazi kwamba majaribio hayo mawili yalitumia sehemu tofauti za uyoga, kwa watu tofauti, na yote ni madogo. Hakuna hata moja lililothibitisha kwamba unazuia demensia. Jaribio la ukubwa wa lile la ginkgo halijafanyika, na ningefurahi sana kuishi nilione.

Alhamisi, maabara

Kipande chetu cha jana kimekaushwa usiku na asubuhi kimesagwa. Dada mkemia aliyenipokea alipanga vibakuli viwili vidogo vya kauri. Kimoja kina unga wa uyoga wetu, cha pili kina unga kutoka kwenye kopo la dukani lenye picha ya uyoga uleule. Akadondoshea kila kimoja iodini. Kwenye unga wetu tone lilibaki na rangi yake ya kahawia. Kwenye unga wa kopo liligeuka buluu, na kabla sijauliza likawa jeusi kama wino.

"Wanga," alisema. Uyoga hauna wanga wa nafaka. Ila nyuzi za uyoga huoteshwa kwenye nafaka, na baadhi ya watengenezaji huvikausha vyote pamoja, nyuzi na nafaka, bila kuvitenganisha, wakasaga wakajaza kopo. Anayenunua analipia nafaka kwa sehemu kubwa. Kwenye lebo kinachotangazwa ni jumla ya sukari tata, na wanga nao huhesabika humo. Kinachostahili kuandikwa ni beta-glukani peke yake, sukari tata ya ukuta wa seli za uyoga, pamoja na kiasi cha herisenoni au erinasini. Kopo hilo halikuwa na hata kimoja.

Jambo hili halihusu kopo moja. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa bidhaa 19 za uyoga wa reishi, Ganoderma lucidum, zilizonunuliwa Marekani. Ni 5 tu zilizokuwa na kile kilichoandikwa kwenye lebo. Hata tungepata kesho jaribio kubwa lenye matokeo mazuri, mlezi angekuwa bado hajui kama alichonunua ndicho kilichojaribiwa.

Mchana alinionesha seli. Ni za aina ya PC12, zilizotokana na uvimbe wa tezi ya panya na kutumika maabara duniani kote tangu mwaka 1976. Chini ya hadubini, sahani ya kwanza ilikuwa na seli za mviringo zilizokaa kimya, haziguswi na kitu. Sahani ya pili ilikuwa imewekewa NGF siku kadhaa zilizopita. Seli zilezile, lakini kila moja ilikuwa imerefuka na kutoa nyuzi ndefu nyembamba zinazowatafuta majirani, na pale nyuzi mbili zilipokutana zilikuwa zimegusana. Nilikaa na jicho kwenye kioo mpaka shingo ikauma. Sahani ya tatu ilikuwa na dondoo ya uyoga kutoka kundi la awali. Nyuzi zilikuwepo, fupi, kwenye baadhi ya seli.

Nilimgeukia kwa furaha. Akaniambia kwa upole, "Dada, hii ni sahani moja. Na hapa dondoo nimeimwagia seli moja kwa moja. Mzee wako ataimeza." Kisha akanihesabia vizuizi: asidi ya tumbo, ukuta wa utumbo, ini linalovunja kila kigeni, halafu ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo, ambao seli zake zimebanana kiasi kwamba dawa nyingi hubaki nje.

Kurkumini, ile rangi iliyo kwenye bizari ya manjano, ni mfano wake anaoupenda zaidi. Kwenye sahani inafanya maajabu dhidi ya karibu kila ugonjwa. Ikimezwa, ni kidogo mno kinachoingia kwenye damu, na hicho nacho huondolewa haraka. Jaribio la wiki 24 kwa wagonjwa wa Alzheimer lililochapishwa mwaka 2012 halikuonesha faida. Watengenezaji wakaongeza piperini ya pilipili manga ili inyonywe zaidi, na sasa madaktari wa ini wanapokea wagonjwa walioumia kwa vidonge hivyo vilivyoongezewa nguvu. Ashwagandha, mmea wa tiba ya jadi ya India, nayo imo kwenye taarifa za namna hiyo. Kitu kikipewa nguvu ya kupenya mwilini, kinapata pia nguvu ya kudhuru.

Ijumaa, njiani

Siku nzima kwenye treni, mvua dirishani. Nimesoma kuhusu ergothioneini, kemikali iliyomo kwenye uyoga.

Ilitengwa mwaka 1909 na Mfaransa Charles Tanret. Kuvu na baadhi ya bakteria huitengeneza. Sisi hatuwezi, huipata kwa kula, na uyoga ndio chanzo chake kikubwa. Kilichonivutia ni ugunduzi wa mwaka 2005: mwili wa binadamu una mlango maalumu, protini iitwayo OCTN1, unaoiingiza ergothioneini ndani ya seli na kuitunza humo. Mwanabiokemia Mmarekani Bruce Ames alipendekeza mwaka 2018 ihesabiwe miongoni mwa vitamini za maisha marefu. Huko Singapore, utafiti wa watu 663 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba waliokula uyoga zaidi ya mara mbili kwa wiki hawakukutwa sana na tatizo la upungufu mdogo wa kumbukumbu kama waliokula kwa nadra. Haikuwa kura ya kugawa watu. Labda wala uyoga hutembea zaidi au wana afya bora tangu awali. Lakini huu ni uyoga wa kawaida wa kula, usio na ahadi kwenye kopo, na kwa mzee asiye na katazo la daktari sioni hasara.

Na moja zaidi, kwa ajili ya wanaodhani kuvu ni hadithi tupu. Isaria sinclairii ni kuvu anayeshambulia wadudu. Kutoka kwake Mjapani Tetsuro Fujita na wenzake walipata mirisini, wakaibadilisha muundo, ikazaliwa fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa skilerosisi nyingi, ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Tena ni molekuli iliyorekebishwa na kupimwa, yenye masharti makali ya kuuangalia moyo mgonjwa anapoanza dozi ya kwanza.

Jumamosi, kliniki ya kumbukumbu

Daktari wa wazee alinipa saa moja kati ya wagonjwa wake, na katika saa hiyo nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia.

Kitu cha kwanza anachofanya familia ikimletea mzee anayesahau ni kuomba dawa zote zilizoko nyumbani, zimwagwe mezani. Zote: za hospitali, za dukani, za miti shamba. Mara kwa mara hukuta mzee anapewa ginkgo asubuhi kwa ajili ya kumbukumbu, na usiku kidonge cha usingizi chenye dawa ya mzio ya zamani, kama difenihidramini. Na difenihidramini huzuia asetilikolini. Nilikaa wima kwenye kiti. Ni njia ileile ya maharage ya Calabar na ya galantamini, inayofungwa kutoka upande wa pili, kama atropini inavyoifunga. Baadhi ya wazee hao, alisema, huchangamka kidonge cha usiku kikiondolewa tu.

Kisha hupima vitamini B12 na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa vyote viwili unaweza kuvaa sura ya demensia na unatibika. Hupima presha, sukari, macho, masikio. Masikio anayakazania sana. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa makubwa, pamoja na lehemu mbaya ya LDL, presha, kisukari, sigara, upweke na uchafuzi wa hewa. Alinikumbusha pia jaribio la Finland la mwaka 2015: watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, karibu nusu yao wakipewa miaka miwili ya mlo bora, mazoezi, zoezi la akili na ufuatiliaji wa presha na mishipa ya damu. Uwezo wao wa akili ulikwenda vizuri kuliko wa wenzao. "Dawa ya mmea ikinipa matokeo kama hayo, nitaiandika siku hiyohiyo," alisema, na niliamini kwamba angeiandika.

Nilimuuliza kuhusu uyoga wa manyoya ya simba. Hakuucheka. Alisema mgonjwa wake akiutaka humuuliza maswali yale ya maabara: ni tunda au nyuzi, kiasi gani, umepimwa na nani. Humwomba asimamishe kitu kingine chochote kisichohitajika, aandike tarehe ya kuanza, na warudi baada ya miezi mitatu. Upele au tumbo kusumbuka, anaacha. Uyoga wa chaga kwa mwenye figo dhaifu anaukataza kabisa, kwa kuwa una oksalati nyingi na umeshaharibu figo za watu walioutumia kwa wingi.

Jumapili, mezani

Mwongozo umefika kurasa sita na bado sijafika kwenye sehemu ya dozi. Asubuhi nilipokea ujumbe wa mmoja wa walezi, binti anayemtunza baba yake. "Shikamoo dada. Baba ameanza kunisahau jina. Nimenunua unga wa ule uyoga na vidonge vya ginkgo. Nimpe vyote?" Akaambatisha picha za makopo, na picha ya orodha ya dawa za hospitali.

Kwenye orodha kulikuwa na wafarini. Sikusubiri mwongozo ukamilike. Nilimpigia, nikamwambia ginkgo asimpe hata kimoja, wafarini asiiguse bila daktari, na kesho aende kliniki na mfuko wa dawa zote, pamoja na chochote anachompa usiku ili alale. Akanyamaza kidogo, akasema kipo, cha rangi ya waridi, anampa kila siku tangu mwaka jana. Nikamwomba anisomee jina lililo nyuma. Lilikuwa difenihidramini.

Unga wa uyoga tumeuweka kando kwanza. Lebo yake haisemi ni tunda au nyuzi, wala kiasi cha chochote. Nimemwomba aupeleke nao kliniki. Ameniuliza pia kama baba apimwe masikio, maana televisheni ameanza kuiongeza sauti tangu miaka miwili iliyopita na wao walidhani ni utundu wa uzee. Nimemwambia apimwe. Jina la kidonge cha waridi nimelihamishia ukurasa wa kwanza wa mwongozo, juu ya ginkgo, juu ya uyoga, pamoja na majina mengine ya dawa za jamii yake kama zinavyoandikwa kwenye pakiti.